Msindano Niliouwekea Alama

Jioni ile nilipanda Mwika kwa kazi ya kawaida tu. Baba mkubwa Kornel alitaka nimpimie misindano yake, ile miti ya mbao, nimwambie itakuwa na unene gani baada ya miaka mitano. Hiyo ndiyo kazi yangu kwenye shamba la miti: kupima, kukadiria, kuchagua mti wa kuondolewa ili iliyobaki inenepe.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, Salvina. Tuwahi, ukungu unashuka."

Tulimaliza ile ya mpakani. Kisha akanipeleka nyuma ya migomba, kwenye misindano saba iliyozungushiwa wigo wa masale, mmea wetu wa mipaka na matambiko. Ilibanana mno. Katikati palikuwa na kisiki cha zamani, lakini utomvu bado ulikuwa unachuruzika.

"Huu ulikatwa lini?"

"Mwaka aliokufa baba yako."

Nikadhani ni namna ya wazee ya kukumbuka miaka. Nikapima. Sita ilikuwa na afya. Mmoja ulikuwa mwembamba, kilele kimeanza kukauka.

"Ungeondoa upi?"

"Huu. Hautafika mbali."

Akanipa kopo la rangi nyekundu. "Weka alama. Kwa mkono wako."

Nikachora msalaba, usawa wa kifua.

Mti ukakohoa.

Hapakuwa na upepo. Kikohozi kikavu... halafu harufu ya mafuta ya nazi, yale anayopaka mdogo wangu Pamela. Nikamgeukia baba mkubwa. Alikuwa anafunga kopo, taratibu.

Uani, mkewe Magdalena alinidaka mkono.

"Amekupimisha ile ya ndani?" alinong'ona.

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Ukimtoa mume wangu, damu ya babu yenu mmebaki wangapi?"

Nikahesabu kimoyomoyo.

Saba.

Simu ikalia. Mama, kutoka Moshi. Pamela ameanguka jikoni, anakohoa damu.

Nilirudi mbio na kitambaa na mafuta ya taa. Nilisugua gome mpaka vidole vikachubuka. Rangi haikutoka. Na gome lilikuwa la moto... moto wa homa.

Baba mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikampigia magoti.

"Usiukate. Nakuomba."

"Mimi sikati bila mtaalamu kuniambia," alisema. "Na mtaalamu ni wewe."

Usiku huo nilishuka Moshi. Kulipopambazuka nilikuwa hospitali, nimeshika mkono wa Pamela. Akafumbua macho, akageukia dirishani.

"Dada... huo msumeno ni wa nini?"

Sikusikia msumeno wowote. Wodi ilikuwa kimya.

"Waambie wazime," alinong'ona.

Akakata roho.

Jeneza alilileta baba mkubwa mwenyewe. Watu walimsifu. Mbao zilikuwa mbichi, zinanata mkononi. Nilitaka kupiga kelele pale pale, mbele ya mchungaji. Lakini ningesema nini? Rangi niliipaka mimi.

Miezi minane imepita. Nimepandishwa cheo. Vidonda vya tumbo vilivyonitesa tangu sekondari vimepona bila dawa. Nalala vizuri, Mungu anisamehe. Nakula, nanawiri.

Juzi nilimpelekea mama kilo mbili za nyama. Aliipokea, akaiweka chini, akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni.

"Umenenepa, Salvina."

Tangu msiba, hajaniita mwanangu.