Mama Ananipiga Kila Siku

Jirani zangu, nisikilizeni kidogo. Na wewe uliyeshika simu, iweke chini kwanza, maana habari hii inakuhusu.

Mimi ni fundi cherehani. Tunagawana ukuta na msusi mmoja, mwanamke mwenye mikono myepesi na moyo mwema, pamoja na binti yake wa miaka sita tuliyembandika jina la Kidoti. Baba mtu anafanya kazi mbali, hurudi mara moja kwa mwaka. Asubuhi utawakuta mlangoni, mtoto kakaa katikati ya magoti ya mama anasukwa, wanacheka. Raha tupu! Lakini haidumu.

"Hebu geuka nikupige. Tena. Usicheke hivyo, cheka vizuri, baba akuone."

Mwanzoni alikuwa anapiga mitindo ya nywele ili wateja wachague. Ikaja kuwa mtoto akila, mtoto akilala, mtoto akipiga chafya! Chai inapoa, Kidoti kashikilia kikombe hewani anangoja ruhusa ya kunywa. Niliona, nikanyamaza. Kosa langu hilo, nalikubali.

Siku moja mwalimu wake akawauliza watoto wanafanya nini na wazazi wao nyumbani. Kidoti akasimama. "Mama ananipiga. Kila siku."

Mwalimu akamsogelea upesi. "Inauma?"

Mtoto akafikiri. "Siku niliyoanguka iliuma."

Lo! Tukaitwa shuleni, msusi na mimi kama jirani wa karibu. Mwalimu mkuu kakunja uso, anasema huenda mtoto akakae kwa shangazi yake mpaka ukweli ujulikane. Msusi akanigeukia.

"Mimi? Sijamgusa hata kwa ukucha! Fundi, sema basi!"

Nikasema, tena kwa sauti, kwamba ukuta wetu ni mwembamba na kilio cha kipigo sijakisikia hata siku moja. Mtoto akaitwa.

"Mama anakupiga na nini?" akauliza mwalimu mkuu.

"Na simu."

"Mungu wangu! Anakupiga wapi?"

"Popote. Mlangoni, kitandani..."

Hapo nikaruka kwenye kiti. "Picha! Mwalimu, anampiga picha!"

Tulicheka jamani, mwalimu mkuu mpaka akavua miwani. Msusi alicheka huku analia. Kidoti peke yake hakucheka.

Mwalimu wake akaliona hilo. "Sasa mbona ulisema iliuma?"

"Nilianguka kwenye ngazi, goti likatoka damu. Nikamwita mama. Akasema, subiri, usijifute, nikupige kwanza baba aone ulivyo jasiri. Nikasubiri."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akamgeukia mama kwa upole. "Lilikuwa goti lipi?"

 Msusi hakujua. Akatoa simu mkobani, akaanza kutafuta, picha zikapita chini ya kidole chake, mamia kwa mamia. Kidoti akamshika mkono.

"Mama, niulize mimi."

Machozi yalimtoka yule mwanamke kabla hajapata neno. Akaweka simu mezani, akapiga magoti sakafuni.

"Goti lipi, mwanangu?"

"Hili. Lakini limeshapona."

"Liliuma sana?"

"Sana," akasema Kidoti, na sasa ndipo akalia, kilio cha goti lililokwisha kupona. Mama akambusu kovu, akamkumbatia, akawa anasema nisamehe, nisamehe. Mimi nami nililia, sioni haya kusema. Walimu wakatoka taratibu wakatuachia chumba.

FUNZO

Sikatazi picha. Baba aliye mbali naye ana hamu ya kumwona mwanawe. Ninachosema ni hiki: mtoto akikuita, mwitikie kwanza, mguse, muulize pameuma wapi. Picha itangoja. Mtoto naye anaweza kungoja, na hapo ndipo pa kuogopa, kwa sababu akishazoea kungoja, siku moja ataacha kuita.