Shuka Kwanza, Utakula Baadaye

Sekela alikuwa akimenya ndizi za kupika wakati mumewe, Ambindwile, aliporudi kutoka mgodi wa makaa ya mawe. Kwa masizi, meno tu ndiyo yaliyoonekana meupe. Siku nyingine Sekela angemcheka. Siku hiyo hakucheka, kwa sababu bega la mumewe lilikuwa limevimba.

"Jiwe limeniangukia," alisema Ambindwile. "Nguzo za njia ya chini zimeoza. Dari linalia."

"Linalia namna gani?"

"Kama mlango mzito unaofunguliwa. Ukisikia, mwili wote unasisimka. Mlima mzima uko juu yako, Sekela."

Sekela aliweka kisu chini. Kesho mumewe angeingia tena humo.

Jioni walikwenda kwa jirani yao Athuman, muuza chumvi na sabuni. Ujanani alichimba makaa ya mawe huko Rhodesia.

"Nguzo zilizooza hubadilishwa kabla watu hawajaingia," alisema Athuman. "Na hewa hupimwa, maana makaa hutoa gesi inayolipuka. Sheria ipo. Mkaguzi wa serikali anatakiwa ashuke mwenyewe. Akiona hatari, anafunga."

"Mbona mkaguzi huja kila mwaka? Na kesho anakuja," alisema Sekela.

"Huwa anashuka?"

Ambindwile aliinamisha kichwa. Mkaguzi hakuwahi kushuka. Kila alipofika kijijini kwetu, alipokelewa na Mzee Asajile, baba yake Ambindwile, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa. Kwetu mgeni wa serikali hapelekwi kwenye masizi. Hupewa kiti, maziwa ya mgando na kuku. Akishashiba huuliza, "Mgodi salama?" Wazee hujibu, "Salama, ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa. Basi hutia sahihi na kuondoka. Heshima ya namna hiyo ilikuwa inatutafutia kaburi, na sisi tulijisifu kwa ukarimu!

"Mwambie mkaguzi," Sekela alimsihi mumewe.

"Nimwaibishe baba mbele ya mgeni? Siwezi."

Kesho yake Ambindwile alikwenda kazini. Sekela alipika kuku jikoni, nyuma ya nyumba ya mkwewe. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mumewe, wala hasemi naye. Tangu aolewe, Mzee Asajile hakuwahi kusikia sauti yake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na nilialikwa mezani. Mkaguzi alikula, akafuta midomo.

"Mgodi salama?"

"Salama, ndaga," alijibu Mzee Asajile.

"Si salama!"

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa uani. Sekela alikuwa amejifunika kanga usoni.

"Nguzo zimeoza. Mume wangu yumo humo sasa hivi. Mgeni wetu, sheria inakutaka ushuke mwenyewe. Shuka kwanza, utakula baadaye!"

Mzee Asajile alibaki na bakuli mkononi. Nywele zilinisimama, sijui kwa hofu au kwa heshima.

"Mama, sina viatu vya kushukia," alisema mkaguzi. "Ofisi haijatupa."

"Hata mume wangu hana."

Mkaguzi aliinuka, akaenda, akashuka. Alipotoka alikuwa mweusi kwa masizi.

"Nimelisikia lile dari," alisema. "Watu wote watoke. Njia ya chini nimeifunga leo."

Wiki hiyohiyo, mchana, ardhi ilitikisika chini ya miguu yetu. Vumbi jeusi lilitoka mgodini na kufunika migomba. Njia ya chini ilikuwa imeporomoka yote, na ndani hapakuwa na mtu. Wanaume walivua kofia. Tulisimama tukiutazama mlima ule kana kwamba hatujawahi kuuona.

Mzee Asajile alimshika mwanawe mkono.

"Mwambie mkeo nimemsikia," alisema.

Baadaye wachimbaji walichagua kamati ya usalama. Nguzo mpya za mti mgumu zilisimikwa, na hewa ikawa inapimwa kila asubuhi.

Mwaka uliofuata, mkaguzi alipofika, Mzee Asajile hakumngojea nyumbani. Alimpokea kwenye mlango wa mgodi, ameshika taa na jozi ya viatu.

"Karibu, mgeni wetu," alisema. "Shuka kwanza, utakula baadaye."

Jikoni, Sekela alikuwa bado hajawasha moto.