Gunia Lililolowa

"Kipanga, mzigo umetoka Masasi. Isuzu ya bluu, magunia ya korosho. Ova."

Dastani, Kipanga mwenyewe, alibana redio ya Motorola begani, akaichochea pikipiki yake ya Yamaha.

"Nimekupata. Mgonjwa?"

Sauti ya kituoni ikarudi.

"Anapumua. Barafu ya dawa itaisha saa sita mchana. Ova."

Mgonjwa ni Oliva, bintiye. Juma lililopita alimeza vidonge vya malaria, mikono ikatoka malengelenge. Dastani, jasusi aliyewahi kunusa bomu ndani ya debe la asali, alitazama akacheka.

"Mafuta ya ganda la korosho hayo! Umebangua bila kujipaka majivu. Malizia dozi, mama."

Akamalizia.

Ngozi ikababuka kama ya mtu aliyemwagiwa uji wa moto.

Kule Newala, Dokta Theodora alikuwa akijaribu dawa mpya ya ugonjwa huo unaoletwa na vidonge. Chupa kumi na mbili zilifika Masasi. Alfajiri zikaibwa. Soko huria, bwana: kila kitu kina mnunuzi, hata pumzi ya mtoto wa mtu.

Dastani aliikamata Isuzu mbele ya Chiungutwa. Land Rover ya polisi ilikuwa nyuma, vumbi tupu.

Hamudi, dereva, alishuka akichekelea. Ndani alibaki Keller, mzungu aliyejiita mnunuzi wa korosho.

"Baba Oliva! Siku hizi unakagua korosho?"

"Njaa, ndugu yangu. Funua turubai."

"Magunia mia! Utafungua lipi?"

Dastani alizunguka gari taratibu.

To. To. To.

Gunia moja lilikuwa linadondosha maji.

"Hamudi, wewe mtoto wa Makote, umekulia kwenye mikorosho. Tangu lini mkabeba korosho zilizolowa?"

Kicheko kikamkauka Hamudi mdomoni.

Keller akachomoa bastola. Browning ya Dastani ikamtangulia.

Risasi moja. Bega.

"Pole, bwana. Hamudi atakufunga jeraha kwa turubai."

Polisi wakafika na pingu. Dastani alikwishalitoa sanduku la dawa guniani, akalipakia kwenye pikipiki.

Saa sita kasoro robo aliliweka mbele ya daktari, wodini Newala. Kipande cha barafu bado kilielea.

"Shikamoo, dokta."

Theodora alivua glavu.

"Baba Oliva," alisema. "Saa tano na dakika ishirini."

Shuka lilikuwa limefunika uso.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Pili, mbanguaji wa korosho, midomo imechubuka. Mumewe alishika pakiti ya vidonge vya malaria.

"Mafuta ya korosho tu haya, dokta. Amalizie dozi, twende zetu. Sitaki majaribio."

Dastani alimtoa pakiti mkononi, polepole, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Kaka, na mimi nilisema hivyo hivyo."

Akanyoosha kidole kwenye shuka.

Mwanamume alitazama. Akamgeukia daktari.

"Mpeni," alinong'ona.

Theodora akavunja shingo ya chupa ya kwanza.

Motorola ikakoroma. "Kipanga, mzigo umefika? Ova."

"Umefika."

"Na mgonjwa?"

Kifua cha Pili kilipanda, kikashuka.

"Anapumua. Ova."

Akazima redio. Akavaa miwani ya jua, akatoka kumtafuta fundi wa jeneza.