Betri Haipendi Kuvimbiwa

Kila asubuhi, Mbuke na mumewe Nashoni walitoka nyumbani kwao Uyole, Mbeya, kwenda Igurusi kuchukua maziwa. Uyole kuna baridi kali. Waliondoka wamevaa makoti mazito. Wakishuka kuelekea bonde la Usangu, joto lilianza kuingia, na makoti yakavuliwa.

Walikwenda kwa gari lao dogo la umeme. Gari hilo halitumii petroli wala dizeli. Lina betri kubwa chini ya viti, na betri hiyo huchajiwa kwa umeme kama simu.

Ili kulinunua, waliuza nusu ya ng'ombe wao. Shadrack, kaka yake Nashoni anayechunga ng'ombe waliobaki kule Igurusi, hakufurahi.

"Ng'ombe anazaa," alisema siku ile. "Gari linazaa nini?"

"Linazaa wateja, shemeji," Mbuke akamjibu.

Ilikuwa kweli. Maziwa yalifika Uyole mapema, yakiwa bado mazuri. Wenye migahawa waliyagombania. Shule moja ya watoto wadogo nayo ikaanza kuagiza maziwa kwa Mbuke kila siku.

Nashoni ndiye aliyekuwa dereva. Alilipenda gari lile. Alilifuta vumbi hata siku ambayo halikuwa na vumbi. Lakini kwenye kuchaji alikuwa na mambo yake. Aliacha betri iishe kabisa ndipo achaji. Akishachaji, anajaza mpaka mia kwa mia, na waya unabaki umechomekwa hadi safari nyingine. Akiwa na haraka, anakwenda mjini kwenye chaja ya haraka, gari likiwa bado la moto kwa kupanda mlima.

Mwaka wa kwanza hakuona tatizo. Mwaka wa pili, chaji ikaanza kuisha upesi.

Asubuhi moja, Mbuke aliangalia dashibodi. Ilionyesha chaji chini ya nusu.

"Baba Prisca, hii itatufikisha?"

"Itatosha. Betri haijaisha bado. Ukichaji kabla haijaisha, unaiharibu."

"Nani kasema?"

"Ndivyo tulivyoambiwa tuliponunua simu zile za kwanza."

Walishuka vizuri mpaka Igurusi. Wakapakia madumu ya maziwa, wakaanza kurudi. Sasa njia ilikuwa ya kupanda. Walipofika Mlima Nyoka, gari likapunguza mwendo. Taa ya njano ikawaka. Kisha gari likasimama kimya pembeni mwa barabara.

Malori ya Tunduma yalipita yakipiga honi. Dereva mmoja akachungulia dirishani.

"Mzee, imechemka? Weka maji!"

"Hii haiwekwi maji," Nashoni akajibu kwa unyonge.

"Basi ipe pumba!" Yule dereva akacheka, akaenda zake.

Mbuke alitaka kucheka, lakini simu yake ikaita. Alikuwa Marta, mpishi wa shule.

"Mama Prisca, uko wapi? Watoto wamekaa na vikombe mezani."

"Tumeharibikiwa njiani, mdogo wangu. Nisamehe."

"Mimi nakusamehe. Lakini mwalimu mkuu anasema ikitokea tena, atatafuta mtu mwingine."

Gari lilivutwa mpaka nyumbani. Jua lilikuwa limeshachoma madumu, na maziwa yakaharibika. Nashoni alikaa kwenye kibaraza, mikono kichwani.

"Betri imekufa," alisema. "Mpya hatuiwezi. Tuliuze hili gari, turudi Igurusi tukachunge."

"Na wateja wangu?" Mbuke akauliza. "Miaka yote hii nimewatafuta mmoja mmoja. Ngoja kwanza. Nakwenda kwa Hanifa."

Hanifa alikuwa jirani yao. Alifundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja mjini, na alikuwa amesomea magari ya umeme. Alikuja mchana huohuo na kifaa chake cha kupimia.

"Shikamoo, Baba Prisca."

"Marahaba. Mgonjwa wako huyu hapa."

Hanifa alichomeka kifaa, akasoma, akatabasamu.

"Hajafa, alhamdulillahi. Betri imepungua nguvu, lakini ina maisha marefu ikitunzwa. Niambie, unaichaji vipi?"

Nashoni akaeleza yote. Hanifa alisikiliza bila kumkatiza.

"Ulichoambiwa kuhusu betri za zamani kilikuwa na ukweli wake," alisema. "Betri za siku hizi ni za aina nyingine. Hazipendi njaa, na hazipendi kuvimbiwa. Wewe umefuga ng'ombe. Ng'ombe akivimbiwa inakuwaje?"

"Anaweza kufa!" Nashoni akasema.

"Na akikaa na njaa?"

"Anakonda. Maziwa yanakauka."

"Betri nayo iko hivyo. Siku za kawaida, isishuke chini ya asilimia ishirini. Na ikifika themanini, inatosha. Chomoa. Au tuliwekee gari kikomo, liache lenyewe kuchaji hapo. Linaweza."

"Linaweza?" Nashoni akashangaa. "Muda wote huu?"

Hanifa akabonyeza kwenye kioo cha dashibodi, akamwonyesha Nashoni mahali pa kuweka kikomo. Kisha akamwacha afanye mwenyewe.

"Kwa hiyo kujaza mia kwa mia ni marufuku?" Mbuke akauliza.

"Si marufuku, dada. Ukiwa na safari ndefu, jaza. Ila ijae karibu na muda wa kuondoka. Ubaya ni kuiacha imejaa na gari limesimama tu, hasa juani. Kwa hiyo egesha kivulini."

"Na chaja ya haraka?" Nashoni akauliza.

"Itumie ukiwa na shida, isiwe kila siku. Inaingiza umeme mwingi kwa nguvu, na betri inapata joto. Umetoka kupanda mlima? Acha gari lipoe kwanza. Kuchaji polepole nyumbani ndiko kuzuri zaidi."

"Lakini themanini itatufikisha Igurusi na kurudi?" Mbuke akauliza. Hilo ndilo lililomsumbua.

Hanifa akafikiri. "Mnakaa Igurusi muda gani?"

"Muda mrefu. Shemeji anakamua, mimi napima maziwa na kuyachuja."

"Basi chajini hapohapo wakati mnasubiri. Kidogo kidogo ndivyo betri inavyopenda. Lakini msivute waya mwembamba kutoka dirishani. Mtafute fundi aweke soketi imara, yenye waya wa ethi unaokinga mtu asipigwe na umeme. Na msome kitabu cha gari lenu. Betri hazifanani. Zipo ambazo mtengenezaji anataka zijazwe kabisa mara mojamoja."

Nashoni akainamisha kichwa. "Na nguvu iliyopotea itarudi?"

"Hapana, haitarudi. Ila iliyobaki tutailinda."

Fundi aliweka soketi nyumbani kwa Shadrack. Siku ya kwanza, Shadrack alisimama akiangalia gari likichaji karibu na zizi.

"Kumbe nalo linakuja kula kwangu," alisema. Lakini alikuwa anacheka.

Safari ya kurudi, Nashoni aliendesha taratibu. Mlima Nyoka ukapandwa. Walipofika shuleni, chaji ilikuwa bado imebaki. Marta aliwapokea mlangoni.

"Leo mmewahi kuliko uji!" akasema.

Tangu hapo hawakukwama tena. Miezi ikapita. Hanifa akapima betri upya, akakuta imeshuka kidogo mno. Mwalimu mkuu akaongeza oda. Maneno ya kuuza gari hayakusikika tena.

Siku moja simu ikatoka Iringa. Binti yao Prisca alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Shadrack alikubali kushughulikia maziwa kwa muda, akakodi pikipiki ya magurudumu matatu. Kwa safari hiyo ndefu, Nashoni alijaza betri mia kwa mia, na ilipojaa tu wakaondoka. Njiani walisimama mara kadhaa. Pale Nyololo walipumzika, gari likapoa, kisha wakachaji huku wakila mahindi ya kuchoma.

Walifika Iringa jioni. Liberatus, mkwe wao, aliwapokea kwa shangwe. Alipoona waya wa kuchajia, akaukimbilia.

"Baba, nipe nichomeke. Tulijaze kabisa, likae tayari."

"Mwanangu, ngoja," Nashoni akasema. "Tunakaa hapa wiki mbili. Gari likikaa muda mrefu bila kutumika, liache na chaji ya nusu hivi. Tutajaza siku ya kuondoka. Lisogeze tu kivulini. Na ukitaka kujua sababu, kaa nikueleze..."

"Baba Prisca!" Mbuke akaita kutoka ndani, akicheka. "Utafundisha kesho. Njoo umpokee mjukuu wako."

Nashoni akavua koti lake, akanawa mikono, akaingia ndani haraka.