Neno Moja katika Pasipoti ya Oanh

Pasipoti ilitoweka Ijumaa asubuhi, kati ya saa mbili kasoro robo na saa mbili na dakika ishirini, katika nyumba ya Bi Usha Kotecha, Hounslow, magharibi ya London. Ilikuwa Septemba 1973. Mwenyewe, Huynh Kim Oanh, msichana wa miaka ishirini kutoka Saigon, aliyepanga chumba cha juu, aliiacha mezani akaenda kuoga. Aliporudi haikuwapo.

Alikuwa na muda hadi saa kumi alasiri. Saa hiyo chuo cha ufamasia kilichompa nafasi kingefunga uandikishaji. Mgeni asiyeonyesha pasipoti yenye mhuri mpya wa uhamiaji angefutwa jina, na nafasi yake angepewa mtu wa orodha ya akiba.

Saa tatu kamili mpelelezi alibisha hodi. Avtar Bhogal alikuwa Inspekta wa upelelezi Nakuru kwa miaka kumi na mmoja. London alianza upya kama konstebo, na kwa cheo alikuwa konstebo bado. Lakini Wahindi wa Hounslow waliotoka Afrika Mashariki walimjua kwa cheo cha zamani na hawakuona sababu ya kumshusha.

"Karibu, Inspekta," alisema Usha. "Chai kwanza."

"Chumba kwanza."

"Chumba hakiendi popote. Chai inapoa."

Haikuwa kweli. Birika lilikuwa limevikwa kifuniko kinene cha kitambaa kilichojazwa pamba, na chai ilikuwa ya moto kabisa. Inspekta aliinywa akiwa amesimama. Mama mkwe wa Usha ndiye aliyemmiminia. Nyumba nzima ilimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Kwa lugha ya Oanh neno kama hilo ni bibi, kwa hiyo Oanh hakuhitaji kufundishwa.

Chumbani, kitasa hakikuwa na dalili ya kuvunjwa. Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulitikisa pazia. Mezani palikuwa na barua ya chuo na juu yake saa ya mkononi.

"Uliviweka hivi?" Inspekta aliuliza kwa Kiingereza.

"Hapana. Barua ilikuwa ndani ya pasipoti. Saa ilikuwa kando."

"Saa ni ya thamani?"

"Ya dhahabu. Mama alinipa uwanja wa ndege."

Inspekta aliandika katika daftari lake: Mwizi ameacha dhahabu. Ameitoa barua na kuikandamiza kwa saa isipeperuke.

Alinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole juu ya kioo cha saa, akapuliza. Dole gumba moja lilijitokeza, dogo, na katikati yake vitone vingi vidogo vilivyokata mistari ya ngozi. Maabara ingehitaji siku tatu kutoa taarifa. Oanh alikuwa na saa sita na nusu.

"Kwa nini London?" Inspekta alimuuliza Oanh. Alitaka kujua nani angemwonea wivu. "Nilidhani watu wa Saigon husoma Paris."

"Zamani. Kaka zangu wawili wako Paris. Siku hizi wengine wanakwenda Tokyo, wengine Montreal, wengine Sydney. Baba alisema dawa mpya zote zimeandikwa kwa Kiingereza, basi kajifunze Kiingereza. Mwaka jana, kwenye darasa letu la Kiingereza hapa London, tulikuwa Wavietinamu watatu. Mwaka huu wamefika wanane."

"Na ukiikosa nafasi?"

"Nitarudi. Ruhusa ya kutoka nilihangaika nayo miezi kumi na minne, Inspekta. Sidhani watanipa mara ya pili."

Alisema hayo bila kulia. Alikuwa amekwisha kulia kabla polisi hajafika.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani hadi saa mbili na nusu. Mume wa Usha alikuwa kazini tangu alfajiri. Waliobaki ndani, mbali na Oanh, walikuwa wanne: Usha, Ba, na wapangaji wawili. Usha alikuwa Mgujarati wa Jinja, aliyefukuzwa Uganda pamoja na ukoo mzima mwaka uliopita. Inspekta alikuwa Mpunjabi. Wapangaji walitoka Dar es Salaam na Unguja. Kiswahili ndiyo lugha waliyokuwa nayo wote, na mahojiano yalifanyika kwa Kiswahili.

Mpangaji wa kwanza, Alnashir, alipatikana uwanja wa ndege, kwenye ghala la mizigo alikofanya kazi.

"Umeomba chuo gani?"

"Hicho hicho cha Oanh. Kozi hiyo hiyo. Usijisumbue kutafuta, nakwambia mwenyewe."

"Umepata?"

"Niko orodha ya akiba. Namba tatu."

"Kwa hiyo yeye akikosa, wewe unasogea."

"Nasogea namba mbili. Ningelazimika kuiba pasipoti tatu, Inspekta, na nyingine moja iko Leeds."

"Nionyeshe vidole gumba."

Vilikuwa vipana na laini, vya mtu aliyekuwa karani miaka sita. Inspekta alimpekua mfuko, akamwomba radhi. Zamu ya Alnashir ilipokwisha saa saba, walirudi pamoja kwenye gari la polisi, Alnashir akiinamisha kichwa kwenye taa za barabarani ili watu wa msikiti wasimwone.

Mpangaji wa pili alikuwa Suad, Mzanzibari, mwanafunzi wa uuguzi. Alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku na alilazimika kuamshwa.

"Mie niibe pasipoti?" alisema akipikicha macho. "Ninazo mbili, na hapana nchi inayozitaka."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Jikoni, nala. Kisha nikalala. Muulize Usha, nilimmalizia mayai."

"Pasipoti ilirudi lini kutoka uhamiaji?"

"Jana, kwa posta. Jioni Oanh katuonesha mhuri. Ikapita mkono kwa mkono mezani kama picha za arusi."

"Nani alisema nini?"

"Hata hilo wataka? Haya. Alnashir kamwambia hongera, kwa jino la pembe. Mie nikamkumbatia. Usha kaenda kupika halua. Ba kaishika muda mrefu, kaigeuza, kauliza, siku ngapi?"

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Siku? Si miezi, si miaka?"

"Siku. Usha kamwambia, mpaka Septemba ijayo. Ba akalia."

"Kwa nini?"

"Furaha, Inspekta. Wazee hulia."

Inspekta alirudi kwa Usha, aliyekuwa akikanda unga wa chapati kwa hasira.

"Nani hapa hushona kwa mkono, bila kastabani ya kukinga kidole na sindano?"

"Ba. Kastabani yake ilibaki Jinja. Anasema za hapa zinambana kidole." Usha akaacha kukanda. "Kwa nini?"

"Mwite Oanh. Mwite Alnashir pia. Tukae mezani."

Ilikuwa saa saba na nusu. Ba alikuwa pale pale alipokuwa asubuhi, mbele ya birika. Alimmiminia Inspekta kikombe cha pili kabla hajaombwa. Inspekta hakumuuliza alikuwa wapi saa mbili. Alifungua ukurasa mtupu wa daftari, akaandika herufi tano kubwa za Kiingereza, akalisukuma daftari mbele yake.

LEAVE.

"Ba, unalijua neno hili?"

Bibi alilitazama. "Nimesoma hadi darasa la nne, bwana. Nalijua. Ni toka."

"Ulilisoma wapi?"

"Jinja. Kwenye gazeti, kubwa hivi. Kwenye redio pia, kila saa. Wahindi toka, siku tisini."

"Na jana ulilisoma wapi?"

Usha alisema kitu kwa Kigujarati, kwa haraka. Inspekta aliinua mkono kumzuia.

"Kwenye mhuri wake," alisema Ba. "Neno hilo na tarehe. Huyu mtoto hakuelewa, anacheka, anatuonesha. Nanyi mnamwambia hongera." Aliwatazama mmoja mmoja. "Sisi pia mwanzoni tulicheka."

"Ukaichukua."

"Nikaichukua. Bila pasipoti hawawezi kumpandisha ndege. Jirani yangu Jinja hakuwa na pasipoti, ndege ikaondoka, akabaki."

"Tarehe ni ya mwakani, Ba. Kwa nini leo?"

"Wanasema mwakani. Kwetu hesabu ya siku ilibadilika kila wiki."

"Ulimwona analia."

"Atalia wiki moja. Akifukuzwa atalia maisha. Mimi najua tofauti."

"Na mimi nimekuuliza mara ngapi asubuhi?" alisema Usha. "Mara tatu."

"Umeniuliza mbele ya polisi," alijibu Ba. "Polisi ndio wanaofukuza. Samahani, bwana."

Inspekta aliichukua samahani hiyo kama taarifa, akageukia upande wa pili.

"Alnashir. Ulipokuwa karani Dar es Salaam, neno hili lilikuwa na maana gani?"

"Likizo, Inspekta. Siku ishirini na nane kwa mwaka, na mshahara."

Ba akakunja uso. "Serikali imempa likizo?"

Suad aliyekuwa mlangoni na shuka mabegani alianza kucheka, na Usha naye, akiwa bado amekasirika.

"Neno hili lina maana tatu," alisema Inspekta. "Kuondoka. Likizo. Na ruhusa. Mhuri una maneno mawili zaidi baada yake, Ba. Yanasema ruhusa ya kubaki. Sheria ni mpya, imeanza Januari, na hivyo ndivyo inavyoandika."

"Ya kubaki?"

"Ya kubaki."

"Mbona wasiandike kaa?"

Oanh, ambaye hakuelewa maneno mengi, alitazama nyuso zao na kuuliza kwa Kiingereza kuna nini. Alnashir akamweleza. Oanh aliinuka, akazunguka meza, akamkumbatia bibi kwa nyuma na kuificha sura yake katika shali lake.

"Nipeni mkasi," alisema Ba kwa sauti ndogo.

Usha alimletea. Ba alikivua kifuniko cha birika, akakipindua, akafumua nyuzi za ndani moja baada ya nyingine. Katikati ya pamba alitoa pasipoti, yenye joto kidogo na harufu ya iliki.

Inspekta alikitazama kikombe chake. Alikuwa amehudumiwa mara mbili kutoka chini ya ushahidi.

"Barabara ya Entebbe ilikuwa na vizuizi saba," Ba alimweleza. "Askari walipekua masanduku, magodoro, hata nywele za Usha. Hiki hawakukigusa. Ndani mlikuwa na bangili zangu zote."

"Swali la mwisho," alisema Inspekta. "Ulikusudia kuirudisha?"

"Tarehe ikipita, ndiyo. Ni mali yake."

Kwa sheria ya Uingereza, anayechukua kitu akikusudia kukirudisha si mwizi. Inspekta aliandika: Pasipoti imepatikana. Hakuna kosa la jinai. Kisha akasimama.

"Saa nane kasoro dakika kumi. Treni hadi mjini ni karibu saa nzima, na chuoni kuna foleni. Bi Suad, nenda naye."

"Nna zamu usiku."

"Utalala kwenye treni."

Wakaondoka. Usha alikataa katakata Inspekta atoke kabla ya kula, naye alikuwa na taarifa ya kuandika, kwa hiyo aliiandika pale mezani, kati ya chapati na dengu. Saa tisa ikapita. Tisa na nusu ikapita. Alnashir alianza kutembea sebuleni huku na huku. Ba alishona upya kifuniko cha birika bila kuinua macho.

Saa kumi kasoro dakika kumi simu ililia. Usha aliikamata kabla haijalia mara ya pili. Alisikiliza, akazungumza Kiingereza, akatoa macho.

"Wamemkubali?" aliuliza Alnashir.

"Yuko dirishani. Fomu imebaki mstari mmoja. Wanataka jina la ndugu yake hapa London. Jina kamili." Usha alifunika simu kwa kiganja. "Ameandika Ba. Karani anasema Ba si jina."

"Basi mwambie jina."

"Mimi?" Usha aliona haya. "Ni mama mkwe wangu. Sijawahi kulitamka."

Inspekta angeweza kulisoma kwenye daftari lake. Aliliacha limefungwa.

Ba aliweka sindano chini, akaja, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Jina langu litaenda serikalini?" alimuuliza Inspekta.

"Chuoni. Chini ya la Oanh."

Alifikiri kidogo. Kisha akaanza kutaja herufi kwa Kiingereza, moja moja, kama alivyofundishwa katika darasa la nne: Jamna, akapumua, Valji, akapumua, Kotecha. Alnashir alikuwa akitazama saa ya ukutani.

"Ba," alisema, "ukikosa herufi moja tu, sisi wa akiba tunasogea."

Ba hakukosa hata moja.