Boksi Zito na Mguu wa Bibi Sayi

Asubuhi ya Somanda, mtaa wa mjini Bariadi, huanza na bodaboda. Jua halijapanda vizuri, tayari zinapeleka watu hospitali, sokoni na shuleni. Wakati huo Generoza huwa anapanga nyanya, vitunguu na mchicha kwenye genge lake mbele ya nyumba. Mumewe, Mahona, huwa ameshaondoka. Mahona ni mchuuzi wa ng'ombe. Leo yuko mnada wa Mwandoya, kesho yuko mnada mwingine. Simu yake kubwa huenda naye kila mahali, kwa sababu wateja wake wote wamo humo. Generoza ana kitochi. Kinapiga, kinapokea na kinamulika, basi.

Ndani, kwenye kiti cha mbao chenye mikono, alikaa Bibi Sayi, mama yake Mahona. Alipata kiharusi akiwa kwake Kimali. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalegea. Mwanawe akamleta mjini Bariadi ili awe karibu na hospitali. Bibi hakupenda. Nyumba yake iko Kimali, ng'ombe wake wako Kimali, na mumewe amezikwa Kimali. Kila jioni aliuliza atarudi lini. Mahona alimjibu jibu moja kila siku.

"Mayu, siku utakayotembea mwenyewe, ndiyo siku nitakayokurudisha."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Mahona alilisema neno hilo kwa upole, lakini ndani ya moyo aliogopa. Aliogopa kwamba siku hiyo haitafika.

Hospitalini walipewa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti anayeitwa Gloria. Gloria aliwaeleza kwamba mguu ule unaweza kupata nguvu tena, lakini mazoezi yafanyike kila siku, asubuhi na jioni. Tena alisisitiza kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Yeye angeweza kumwona bibi mara moja tu kwa wiki mbili. Siku nyingine zote ni kazi ya nyumbani. Kwa hiyo alikuwa amejirekodi akifanya mazoezi, huku akieleza kwa Kisukuma, na video hizo akaziweka mtandaoni kwa ajili ya wagonjwa wake.

Mahona alimwonyesha mama yake video hizo kwenye simu. Bibi akakunja uso. Alisema anaona sisimizi anarukaruka. Macho yake hayakuwa ya kuangalia kioo kidogo hivyo. Na hata kama yangekuwa mazuri, kila alfajiri simu ile iliondoka na mwenyewe.

Sebuleni palikuwa na televisheni bapa, ya zamani kidogo, isiyo na intaneti yake. Mahona alisikia kwamba viko vifaa unavyochomeka kwenye televisheni kama ile, kisha unaangalia video za mtandaoni. Akaamua kununua kimoja.

Sasa, Mahona ni bingwa wa kununua ng'ombe. Hakuna mtu wa kumuuzia ng'ombe mgonjwa. Lakini siku ile alikwenda kununua kifaa na nusu tu ya akili zake za mnadani.

Pembeni mwa mnada, muuzaji wa kutembeza bidhaa alikuwa ametandaza vifaa juu ya turubai. Kulikuwa na stiki, nyembamba na fupi kama kidole. Kulikuwa na boksi dogo. Kulikuwa pia na boksi kubwa jeusi lenye taa za rangi. Mahona akaviinua kimoja kimoja, kama anavyopima mbuzi kwa mkono. Boksi kubwa lilikuwa zito kuliko vyote. Kilicho kizito kina nyama, akawaza. Muuzaji naye akamwambia kwamba boksi hilo linaonyesha chaneli zote za dunia, bure, maisha. Mahona akalipa, akalifunga kwenye pikipiki, akaondoka amejaa furaha. Risiti hakuuliza.

Jioni boksi likawashwa. Taa zikawaka. Boksi likamtaka aandike anwani yake ya barua pepe na neno la siri. Mahona akaandika neno la siri lile lile analotumia kwenye simu. Akawasha intaneti ya simu ili boksi nalo liitumie. Baada ya kusubiri sana, Gloria akatokea kwenye kioo, mkubwa na anaonekana vizuri.

"Mwadila, ng'wanawane," Bibi Sayi akamsalimia, yaani habari za jioni, mwanangu. Wote wakacheka, na yeye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aletwe mjini.

Kesho yake Mahona alichelewa kuondoka kwa makusudi, ili mama yake aanze mazoezi. Gloria akaagiza mguu uinuliwe, na usishushwe mpaka aseme. Akaanza kuhesabu kwa Kisukuma: imo, ibili, idatu. Kufika tatu, akaganda. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya uso wake.

Bibi Sayi ni mtu wa malezi ya zamani. Mwalimu amesema usishushe, hushushi. Akakaa mguu ukiwa juu. Mguu ukaanza kutetemeka. Generoza akamsihi aushushe, bibi akatikisa kichwa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu badala ya Gloria likatokea tangazo la kamari, sauti juu kabisa. Bibi akashtuka. Mguu ukaanguka, kisigino kikagonga mguu wa kiti. Kufika mchana kilikuwa kimevimba.

Siku ya tatu bando likaisha, lile ambalo Mahona alitegemea limfikishe mwisho wa mwezi. Siku ya nne Mahona alikwenda mnadani na simu yake, na boksi likabaki linawasha taa tu. Siku ya sita Mahona alikuwepo na bando jipya, lakini Gloria aliganda tena.

"Lizimeni," Bibi Sayi akasema. "Huyu msichana ananisahau mguu ukiwa juu. Basi, mimi nimechoka."

Akaomba kiti chake kigeuzwe kitazame ukuta. Kuanzia hapo hakutaka mazoezi tena, awe Gloria au nani. Generoza aliingia jikoni akalia. Wiki ile ilipita bure, na wiki za mwanzo, zile zenye faida, hazikuwa nyingi.

Mteja mmoja wa genge la Generoza ni Muzdalifa. Muzdalifa ana duka la vifaa vya umeme mtaa wa pili, na ni jirani wa siku nyingi. Alipokuja kununua nyanya, aliona macho ya rafiki yake yamevimba. Akauliza, akaelezwa yote. Jumapili, Mahona akiwa nyumbani, Muzdalifa akaja. Hakuja na bidhaa yoyote ya kuuza. Alikuja na bisibisi, flashi moja na maswali mengi.

Kwanza alikwenda nyuma ya televisheni. Akawaonyesha tundu pana lililoandikwa HDMI, akasema vifaa vingi hivi huchomekwa hapo, na televisheni isiyo na tundu hilo huleta shida. Akawaonyesha pia tundu dogo la flashi. Halafu akaketi, akamuuliza Mahona kama nyumba ina intaneti ya kudumu.

Mahona akashangaa. Alidhani intaneti imo ndani ya boksi, kama vile king'amuzi kinavyopokea chaneli kupitia dishi.

"Hapana, shemeji," Muzdalifa akasema. "Boksi halileti intaneti. Linakula intaneti yako. Video ya saa moja, picha ikiwa kali sana, inaweza kumaliza GB mbili au tatu. Ukipunguza ukali wa picha, unatumia chini ya GB moja. Lakini ni lazima bando liwepo, na simu iwepo."

"Na simu naondoka nayo."

"Ndiyo maana nauliza. Nikuulize na hili: ukitaka kununua ng'ombe, unafanyaje?"

Hapo Mahona akapata nguvu ya kuongea. Akaeleza kwamba kwanza humtembeza, aone kama anachechemea. Humfungua mdomo, ahesabu meno. Huuliza ametoka wapi na karatasi yake iko wapi. Ng'ombe asiye na karatasi hamgusi.

"Na hili boksi ulilitembeza?" Muzdalifa akauliza. "Uliliona likiwaka kabla hujalipa? Karatasi yake iko wapi?"

Mahona akamsogezea boksi. Muzdalifa akachukua bisibisi, akafungua boksi. Ndani kulikuwa na kibao kidogo chenye vifaa vya umeme, hakizidi kiganja cha mtoto. Pembeni yake kilikuwa kimegandishwa kipande cha chuma. Hakikuunganishwa na waya wowote. Kiliwekwa hapo ili boksi liwe zito. Hata tundu lake la flashi lilikuwa pambo tu.

Mahona alikitazama kile chuma kwa muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeumia. Yeye, Mahona, anayeogopwa na wauza ng'ombe wa wilaya nzima ya Meatu, ameuziwa chuma akidhani ni nyama.

Muzdalifa hakumcheka. Alimwambia watu wengi hupatwa na hilo. Kisha akamtahadharisha. Boksi lisilojulikana limetoka wapi, linaloahidi kila kitu bure, mara nyingi huwa na programu za kuiba taarifa. Akamtaka abadilishe neno lake la siri papo hapo, na asitumie tena neno moja kila mahali. Mahona akabadilisha, Muzdalifa akiwa bado ameketi.

"Sasa tununue ile stiki?" Generoza akauliza. "Nasikia ndiyo nzuri."

Muzdalifa akajibu kwamba stiki ni nzuri, tena bei yake si kubwa, lakini kwa nyumba yenye intaneti saa zote. Stiki anazouza yeye hazina tundu la flashi. Simu ikienda Mwandoya, stiki inalala. Nyumba hii haihitaji kifaa kikubwa wala kifaa kinachosifiwa. Inahitaji kifaa kitakachomwonyesha bibi Gloria wakati Mahona hayupo.

Ndipo akawauliza kama Gloria anaweza kuwapa video zake zenyewe, zisihitaji mtandao. Mahona akampigia hapo hapo. Gloria alikubali mara moja, akazituma. Muzdalifa akazihamishia kwenye flashi, akaichomeka moja kwa moja kwenye televisheni.

"Ikisoma hii, hamnunui kitu chochote," akasema.

Sauti ikatoka, picha haikutoka. Televisheni ile haikuweza kusoma video za aina hiyo. Basi wakafuatana wote hadi dukani. Muzdalifa aliwaonyesha boksi dogo lenye tundu la flashi linalofanya kazi, rimoti yenye vitufe vikubwa, na mtengenezaji ambaye bado anatuma maboresho ya usalama. Siku Mahona yupo nyumbani, linaweza kutumia intaneti ya simu. Siku hayupo, linasoma flashi.

Mahona akaliinua kwa mkono. Lilikuwa jepesi. Akalirudisha mezani, akasema, "Haya, litembeze nilione."

Muzdalifa akalichomeka kwenye televisheni ya dukani, akaweka ile flashi. Gloria akatokea, akahesabu imo mpaka ikumi, yaani kumi, bila kuganda. Mahona akataka aone tena. Akataka aone na kuzima na kuwasha. Kisha akaomba risiti na karatasi ya dhamana, akazisoma zote mbili amesimama. Muzdalifa akasema laiti wateja wote wangekuwa wachuuzi wa ng'ombe.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko zote. Ilikuwa kumgeuza Bibi Sayi atazame televisheni. Mahona alipiga magoti mbele ya kiti chake, akamwomba radhi kwa boksi lile la kwanza. Alimwambia kosa lilikuwa lake, wala si la yule msichana.

"Ataniacha tena mguu juu?" bibi akauliza.

"Hakuachi, mayu. Akikuacha, mimi nitaushika huo mguu."

Siku ile bibi aliinua mguu kidogo tu, kama upana wa vidole viwili. Gloria alihesabu mpaka kumi, akasema ushushe. Bibi akaushusha. Kisha akasema warudie.

Kuanzia hapo Generoza aliacha genge mara mbili kwa siku, akakaa karibu yake ili asianguke. Asubuhi mazoezi, jioni mazoezi, Mahona awepo au asiwepo. Baada ya mwezi bibi alijua kubonyeza rimoti mwenyewe. Mwezi wa pili akaanza kusimama kwa kushika mikono ya kiti. Kwenye kliniki Gloria alimpima, akafurahi, akamwongezea mazoezi mapya kwenye flashi. Kuna siku bibi alichoka na kugomba. Kuna siku alikaa wima akimsubiri Gloria atokee kwenye kioo.

Mwezi wa nne, jioni moja, Mahona alirudi mapema kuliko kawaida kutoka mnadani. Aliingia sebuleni. Televisheni ilikuwa inawaka. Gloria alikuwa anahesabu, inne, itano. Kiti cha mama yake kilikuwa kitupu.

Aliita, hakujibiwa. Alichungulia chumbani, hakuna mtu. Alikimbilia jikoni, hakuna mtu. Akatoka nje kwa mlango wa mbele.

Bibi Sayi alikuwa amesimama kwenye genge, kando ya Generoza. Mkono wa kushoto ulishika fimbo. Mkono wa kulia, polepole, ulikuwa unapanga nyanya.

"Mayu, nani amekuleta hapa?"

"Anilete nani? Nimekuja."

"Na mazoezi? Gloria bado anahesabu kule ndani."

"Mwache ahesabu," bibi akasema, akaweka nyanya nyingine juu ya fungu. "Leo nimemaliza kabla yake."

Mahona alisimama pale, machozi yanamtoka mbele ya wateja, wala hakuyaficha. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia mdogo wake aliyeko Kimali, akamwambia afagie nyumba ya mama.