Mama Duka na Fundi wa Linux

Jumamosi ile korido ya mafundi wa kompyuta ilijaa mpaka watu wakawa wanapita kwa ubavu. Kila kibanda kilikuwa na redio yake na kila redio ilikuwa na wimbo wake, na juu ya yote ilitanda harufu ya plastiki iliyopata moto. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, amevaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa na raba nyeupe, alikuwa ameshanunua chaja aliyoifuata na sasa anatafuta njia ya kutokea. Hapo ndipo alipomsikia fundi mmoja akimwambia mteja wake:

“Hii nimeiwekea mfumo wa Linux, ndiyo maana inakimbia hivi. Ila yale magemu uliyonunua mtandaoni, yasahau. Duka lenyewe halitambui Linux. Halifunguki kabisa.”

Mwanamke akasimama. Duka hilo alilijua vizuri, kwani alikuwa akiliandikia programu mwaka wa sita sasa. Na Alhamisi, siku mbili tu nyuma, meneja alikuwa amemkabidhi kazi ambayo wenzake wote waliikwepa: kulifanya lifunguke kwenye Linux.

“Litafunguka,” alisema kabla hajajizuia.

Fundi akainua macho. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati limekunjwa mikono mpaka kwenye viwiko, kucha safi kuliko mwanamke alivyotarajia kwa mtu anayeshinda ndani ya mavumbi ya kompyuta za watu.

“Nani kasema?”

“Mimi. Ndiyo kazi yangu.”

“Kumbe wewe ndiye mwenye duka. Liko mtaa gani? Nina maneno ya miaka mitatu ya kuwapelekea.”

“Halina mtaa, kaka. Lipo mtandaoni tu.”

“Bahati yenu. Lingekuwa na mlango ningeshaupiga teke.”

Mwanamke akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua. Akatazama rafu nyuma ya fundi. Kompyuta kumi na moja zilipangwa pale, za umri tofauti, nyingine nene kama tofali, zote zinawaka. Ofisini kwake walikuwa na mbili tu za majaribio, mpya, ambazo hazikumwonyesha tabu yoyote ya watu wa kweli.

“Nikikuletea toleo la majaribio, utaniwekea kwenye hizo?”

“Nitakuwekea. Nikuandike nani kwenye simu?”

Kabla hajajibu, fundi alikuwa ameshaandika na kumgeuzia kioo asome: Mama Duka.

“Na mimi nikuandikeje? Huku wote ni mafundi.”

“Fundi wa Linux. Niko peke yangu korido nzima.”

Huyo mwanamke, tuliyekwisha kumpatia jina lake, hakuwa mtu wa kuongea na wasiomjua. Tuseme kweli, hata waliomjua hakuwa akiongea nao sana. Wenzake walihamishiwa ghorofa ya juu, yeye akabaki chini na kazi yake isiyotakiwa, dawati likitazamana na mlango wa choo. Nyumbani alikuwa na chumba na sebule, na viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha nguo. Dada yake mkubwa, aliyeishi mbali, alipiga simu alipokumbuka. Kuna Jumatatu alifika kazini, akamsalimia mlinzi, sauti ikatoka na mikwaruzo, ndipo akatambua kwamba tangu Ijumaa hakuwa amemwambia mtu neno.

Sasa simu ikaanza kuita.

“Mama Duka, za asubuhi. Duka lako limefunguka kwenye kompyuta saba. Kwenye tatu limefunguka likazima. Kwenye moja limenitukana.”

“Limekutukana vipi?”

“Limeandika: mfumo wako hautambuliki. Mtu kafika kwako na salamu zake, unamwambia hatambuliki?”

“Soma namba iliyo chini yake.”

“Hujanisalimia bado.”

“Hujambo, Fundi. Sasa soma namba.”

Fundi alisoma. Yeye akaandika, akarekebisha, akamtumia toleo jingine. Mwezi wa kwanza waliongea hitilafu tupu: picha zinazogeuka nyeusi, sauti inayotangulia midomo ya wahusika, vitufe vilivyojificha nje ya kioo. Mwezi wa pili hitilafu zikapungua ila simu zikazidi. Mama Duka akaanza kupita kibandani Jumamosi hata pasipo na la kujaribu, akiwa amepaka mafuta ya midomo na kujifanya anapita tu.

“Leo umependeza kwa ajili ya kompyuta ipi?” fundi alimuuliza siku moja, bila kuinua kichwa.

“Ile nene.”

“Ina bahati, ile nene.”

Siku hiyo fundi alifunga kibanda mapema, wakaenda kukaa kwenye bustani nyuma ya maktaba, wakala karanga kwenye karatasi. Hapo ndipo alipomwambia habari za mdogo wake. Wazazi wao hawakuwapo tena, walibaki wao wawili. Walikulia mbele ya kompyuta moja, mmoja anashika kibodi, mwingine kipanya, wakigawana mhusika mmoja kwenye gemu. Sasa mdogo wake alifanya kazi mgodini, nchi nyingine, safari ya siku tatu. Kwenye simu walisalimiana, wakaulizana afya, maneno yakaisha.

“Sisi hatujui kuongea tukiwa hatushughuliki na kitu,” alisema. “Tukicheza pamoja ananiambia kila kitu, mpaka aliyemkosea kazini. Ila gemu lenyewe liko dukani kwenu, na mimi mashine zangu zote ni Linux. Miaka mitatu sasa.”

“Si ungebadilisha moja tu, kwa ajili yake?”

“Zangu ni za kuokota, mpenzi. Mfumo ule mwingine zinaukataa.”

Neno mpenzi lilimponyoka. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyelirudisha. Mama Duka alimshika mkono, akaona ni wa baridi na mkavu, akauacha humo humo ndani ya wake mpaka mlinzi wa bustani alipoanza kupiga filimbi ya kufunga.

Ikaja siku ambayo meneja alimwita tena. Alikuwa anakoroga chai na hakumtazama usoni.

“Kazi ya Linux tunaisimamisha. Watumiaji ni wachache, na wakubwa wanataka watu kwenye toleo la simu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunazima majaribio. Mpaka barua itoke, usimwambie mtu wa nje.”

Zilikuwa siku ishirini mpaka hiyo Ijumaa. Kila asubuhi simu ilipoita alijiambia, leo namwambia. Na kila asubuhi alisema, “Soma namba iliyo chini yake,” kana kwamba namba hiyo bado ilikuwa na maana. Alirekebisha hitilafu za kitu kilichokwisha kufa ili tu sauti ile iendelee kumwamsha.

Siku ya kumi na nane fundi alipiga akiwa na furaha ya ajabu.

“Limefunguka kwenye zote kumi na moja, sikiliza. Na gemu letu linacheza. Nimempigia mdogo wangu, ameomba ruhusa Jumapili nzima. Mgodini ruhusa haipatikani hivi hivi, lakini ameipata.”

“Jumapili hii?”

“Hii hii. Umefurahi?”

“Nimefurahi,” alisema, na akakaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukatika.

Jumapili asubuhi simu iliita saa tatu.

“Mama Duka, limegoma. Linasema huduma haipo. Mdogo wangu yuko upande wa pili ananisubiri. Nisome namba?”

Hapakuwa na namba ya kusoma. Akamweleza yote, maneno yakitoka vipande vipande: meneja, wakubwa, barua, Ijumaa. Fundi alisikiliza bila kumkatiza.

“Ulijua lini?”

“Siku ishirini na mbili zilizopita.”

“Na Jumatano nilipokupigia, ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

Nyuma ya sauti ya fundi, Mama Duka alisikia feni za zile kompyuta zikizunguka.

“Kampuni kunidanganya nimezoea,” fundi alisema, wala hakupandisha sauti. “Lakini wewe nilikuhesabu uko upande wangu. Ngoja nikamwambie mdogo wangu arudi kazini.”

Akakata. Mama Duka alimpigia mara nne siku ile, na mara mbili kesho yake. Akamwandikia ujumbe mrefu akaufuta, akaandika mfupi, akaufuta pia. Baada ya hapo aliacha. Jumamosi zikarudi kuwa siku za kufua. Ofisini walimpandisha ghorofa ya juu pamoja na wenzake, wakampa dawati la katikati, na katikati ya kelele zao alikula chakula chake akitazama kifuniko cha bakuli. Alikonda. Dada yake alipopiga na kumuuliza kuna nini, alijibu kwamba ni joto.

Miezi saba ilipita hivyo. Kisha kampuni moja iliyotengeneza vifaa vidogo vya kuchezea magemu, vya kushika mkononi, ikaja kutaka duka liwekwe ndani yake. Vifaa hivyo vyote vilitumia Linux. Meneja alipita mbio katikati ya madawati kumtafuta.

“Ile kazi yako, unayo bado?”

“Ninayo yote.”

“Basi imerudi mezani. Unahitaji watu wangapi?”

Alipewa wanne. Walifanya kazi wiki kumi na moja, na siku ya uzinduzi wakakata keki. Watu wakapiga picha, meneja akatoa hotuba akisema tangu mwanzo aliamini. Yeye alitoka na kipande chake mpaka kwenye dirisha la ngazi, akaandika ujumbe: “Limefunguka. Safari hii si majaribio, halitazimwa. Nisamehe.” Akatuma kabla ya kuogopa.

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja siku hiyo, wala wiki hiyo, wala iliyofuata.

Wiki ya tatu aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda kwenye korido. Kibanda kilikuwa kinauza makava ya simu. Mama muuzaji alimpima kutoka raba mpaka kichwani.

“Fundi wa Linux? Alihama. Yuko chuo cha ualimu, kule mwisho wa barabara ya basi, anatunza kompyuta zao. Wewe ni nani yake?”

“Sijui, mama.”

“Nenda ukamuulize, basi.”

Alimkuta kwenye maabara ya kompyuta, chumba kirefu chenye madirisha ya vioo, jua la mchana limelala sakafuni. Wanachuo walikuwa likizo. Fundi alikuwa amevaa sweta la kijivu lililochoka mabegani, na alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena.

“Ujumbe niliusoma,” alisema, kabla hata ya salamu. “Nilikaa nao siku tatu sijui nikujibu nini. Zikawa wiki tatu, aibu ikawa yangu.”

“Hukukosea wewe. Mimi ndiye niliyeficha.”

“Kwa nini, lakini? Hilo ndilo lililonishinda. Si ungeniambia tu, nami ningekasirikia wakubwa wako.”

Mama Duka aliangalia mikono yake. Njia nzima kwenye basi alikuwa ameandaa maneno mazuri, na sasa hata moja halikuja.

“Niliogopa kazi ikiisha hutakuwa na sababu ya kunipigia.”

Fundi akavuta kiti cha pili, akampangusia vumbi kwa mkono wa sweta.

“Mdogo wako je?” Mama Duka aliuliza alipokwisha kukaa. “Mmecheza?”

“Nilimpigia siku ile ile ya ujumbe wako. Ameoa, Mama Duka. Ana mtoto wa miezi miwili. Alijaribu kwa ajili yangu, tukacheza dakika kumi, akaniambia, kaka, nasinzia.” Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. “Nilimwambia alale. Sasa nacheza peke yangu. Duka lenu linafunguka vizuri sana.”

Miaka yote ile ya kazi Mama Duka alikuwa amewaza kufungua mlango tu, hakuwahi kuwaza nani atakuwa amebaki ndani.

“Mimi sijawahi kucheza gemu mpaka mwisho,” alisema. “Nafungua, naona kama limefunguka, nafunga.”

“Muongo.”

“Kweli kabisa.”

Fundi akampa kibodi. Yeye akachukua kipanya. Lilikuwa gemu la watu wanaovuka bonde kwa kujenga madaraja, na Mama Duka aliangusha daraja la kwanza, la pili na la tano. Fundi alicheka mpaka akavua sweta. Katikati ya kucheza wakaanza kusimuliana: Mama Duka juu ya dawati la katikati na kifuniko cha bakuli, mwenzake juu ya chumba cha wafanyakazi alichopewa, ambako kila jioni huwasha redio kabla ya kuvua viatu. Hawakutazamana. Macho yote yalikuwa kwenye kioo.

“Mimi kuzungushazungusha sijui,” fundi alisema, akipanga ubao wa daraja. “Nataka nikuoe.”

Ubao ukaanguka. Machozi yalikuwa yameshamlenga Mama Duka kabla ya hapo, na sasa yakateremka.

“Niulize tena nikiwa silii.”

“Lini?”

“Nipe wiki.”

Akampa wiki. Hakupiga hata mara moja, maana aliahidi. Asubuhi ya siku ya nane, Mama Duka akiwa anashuka kwenda kazini, mkoba begani na funguo mdomoni, simu iliita. Akatoa funguo, akapokea.

“Unalia?” fundi aliuliza.

“Hapana.”

“Basi nauliza tena.”

Mama Duka akakaa pale pale kwenye ngazi akiwa na sketi yake ya kazi iliyopigwa pasi. Akasema ndiyo. Alisema polepole, na upande wa pili fundi akamwomba arudie, kwamba hakusikia vizuri, ingawa alikuwa amesikia. Akarudia. Jirani wa ghorofa ya tatu aliyekuwa anateremka na ndoo ya takataka alisimama nyuma yake, akasubiri kidogo, kisha akamwomba kwa upole asogee apite.

Alisogea.